Harufu ya mende ndani ya gari: usiifunike, ifuate



Leo naiweka PHP kando. Tumezungumza sana kuhusu wadudu wa programu, yaani zile hitilafu zinazojificha ndani ya msimbo na kututoa jasho usiku wa manane. Leo ni zamu ya mdudu halisi, mwenye miguu sita na papasi mbili ndefu, anayeingia kwenye gari lako bila kulipa nauli na kuliachia harufu ambayo manukato yote ya duka kubwa hayaiwezi. Namzungumzia mende.

Usicheke. Nimetumia zaidi ya miezi miwili kumtoa mende kwenye gari moja, na nimeona kwamba karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kutafuta hitilafu kwenye programu kinafanya kazi hapa pia. Ila sehemu ngumu kuliko zote haikuwa ya kiufundi. Tutafika huko.

Gari lenyewe

Ni Probox ya familia. Jina kwenye logibuku ni langu, lakini anayeliendesha siku nyingi ni dadangu mkubwa, ambaye anauza mayai. Alfajiri anayachukua kwa wafugaji wa kuku upande wa Kiambu, anamwacha mwanawe shuleni akiwa njiani, kisha anayasambaza kwenye vioski na mikahawa kando ya Barabara ya Thika: Githurai, Roysambu, Kasarani. Mpwa wangu huyo ana miaka 7 na ana pumu.

Harufu ilikuja polepole, na dadangu hakuisikia. Hilo si ajabu. Pua ikikaa na harufu ileile kwa dakika chache huizoea na kuacha kuiripoti, na yeye alikuwa ndani ya gari hilo saa nyingi kila siku. Ndiyo maana sisi wa programu hupeana misimbo ili ikaguliwe na mtu mwingine: aliyeiandika keshazoea. Mpwa wangu ndiye aliyeitambua kwanza, akaipa jina kabisa: "harufu ya kabati". Mimi nilipoingia Jumamosi moja niliielewa mara moja.

Kisha mkahawa mmoja, mnunuzi mkubwa wa dadangu kuliko wote, ukamwambia kwamba trei zake zinanuka, na kwamba zikinuka tena watatafuta muuzaji mwingine. Hayo hayakuwa madaha. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo ambavyo hatuvioni kwa macho, na yai likikaa karibu na kitu kinachonuka linaweza kuichukua harufu hiyo. Wiki hizohizo mtoto naye alikuwa anakohoa usiku kuliko kawaida. Kwa hiyo tulikuwa na vitu viwili mezani: riziki ya dadangu na kifua cha mwanawe.

Kwanza: hiyo ni harufu ya nani?

Kabla hujanunua chochote, tambua unanusa nini. Funga gari juani kwa nusu saa, fungua mlango wa nyuma, na uvute pumzi moja tu. Pumzi ya kwanza ndiyo ya kweli. Baada ya hapo pua inaanza kuzoea.

- Kama ni harufu ya dania iliyopondwa, fikiria kunguni, au wale wadudu wa mimea wenye mgongo kama ngao. Wote hutoa kemikali za kundi la aldehaidi, na kemikali za kundi hilohilo zimo kwenye majani ya dania, ndiyo maana pua inavichanganya. Wale wa mimea huingia na mzigo wa mboga au maharagwe kutoka shambani. Usiwaponde. Wachote kwa karatasi uwatoe nje wakiwa wazima, kwa sababu ukimponda ndipo anapomwaga yote aliyo nayo. Kunguni, kwa upande mwingine, atafute kwenye mishono ya viti.
- Kama ni ukali wa kuchoma pua kama siki, angalia sisimizi. Baadhi yao hujilinda kwa tindikali ya fomiki.
- Kama ni uvundo wa soksi mbichi unaokuja pale tu unapowasha AC, huyo si mdudu. Ni ukungu na bakteria waliokua kwenye unyevu ndani ya mfumo wa kupoza hewa.
- Kama ni mzoga mtupu, huenda panya amefia kwenye injini au nyuma ya dashibodi.
- Kama ni harufu nzito ya mafuta ya zamani iliyochanganyika na kabati lililofungwa muda mrefu, na inazidi jua likipanda, mtafute mende. Chukua tochi uangalie kwenye reli za viti na pembe za buti. Ukiona punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, kesi imekwisha. Hicho ni kinyesi chake.

Sisi tuliona pilipili manga ya kutosha pilau ya harusi.

Kwa nini mende ananuka

Mende tunayekutana naye sana jikoni ni yule mdogo wa rangi ya kahawia hafifu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Kwa Kizungu anaitwa mende wa Kijerumani, jina lililoanzia kwa Linnaeus mwaka 1767. Wajerumani wamesingiziwa. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokana na mende wa Asia yapata miaka 2,100 iliyopita, maeneo ya India au Myanmar, akasambaa duniani akipanda mizigo ya watu. Kumbuka neno hilo, mizigo. Tutalirudia.

Harufu yake inatoka kwenye kinyesi, mafuta yanayofunika mwili wake, magamba anayovua akikua, na miili ya waliokufa. Lakini kuna jambo lililonivutia zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walilea mende wasio na bakteria tumboni, wakaona kwamba kinyesi cha mende hao hakiwavuti wenzao kama kile cha kawaida. Bakteria wa tumboni ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya zile asidi nyepesi zinazoruka hewani na kuwaambia mende wengine: njooni, hapa pana kwetu.

Yaani ile harufu ni anwani. Ndiyo maana kuifunika kwa manukato ni kazi bure. Wewe unasikia ndimu, mende anaendelea kusoma anwani yake ileile. Ni sawa na kuzima ujumbe wa hitilafu kwenye skrini na kuiacha hitilafu yenyewe. Mtumiaji haoni kitu, mfumo unaendelea kuoza.

Kwa mwenye pumu, jambo hili ni zito zaidi ya harufu. Mate, kinyesi na magamba ya mende yana protini zinazoamsha mzio. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu watoto wenye pumu katika miji ya Marekani. Wale waliokuwa na mzio wa mende, na ambao vyumba vyao vilikuwa na kiwango kikubwa cha protini hizo, walilazwa hospitalini zaidi ya mara 3 ya wenzao. Na vumbi hilo linabaki hata mende wakishakufa wote. Basi kuua pekee hakutoshi. Lazima kusafisha.

Kwa nini hatukupuliza dawa

Kijana wa pale tunapooshea gari alitoa ushauri ambao wengi wangetoa: pulizia mkebe mzima, funga vioo, rudi jioni. Alikuwa na nia njema. Tulikataa kwa sababu nne.

Moja, gari ni chumba kidogo, na viti vyake ni sifongo na kitambaa. Dawa inayopulizwa humo inabaki humo, na mvuke wake unaweza kumkaba mwenye pumu. Mbili, gari linabeba chakula. Tatu, dawa nyingi za mkebe zinatumia gesi inayoshika moto, na kuijaza gesi hiyo ndani ya gari lenye nyaya za umeme si jambo la kujaribu.

Nne, hata kwa kuua haifanyi vizuri. Dawa nyingi za mkebe zinamfukuza mende kabla hazijamuua, naye anakimbilia ndani zaidi: nyuma ya redio, chini ya kapeti, kwenye dashibodi. Jike hubeba mayai yake ndani ya kifuko kigumu mkiani, mayai 30 hadi 40, na kifuko hicho huyakinga na dawa. Halafu kuna usugu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha kwamba mende wa Kijerumani wanaweza kujenga usugu kwa kizazi kimoja tu, hata dhidi ya dawa ambazo hawajawahi kukutana nazo. Unapuliza leo, unawafundisha kesho.

"Na jua je?" aliuliza dadangu. Swali zuri. Mwaka 2005 watafiti wa California walipima gari lililofungwa juani, wakaona joto ndani linapanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya hilo katika nusu saa ya kwanza. (Ndiyo maana mtoto haachwi ndani ya gari hata dakika chache.) Nairobi ikiwa nyuzi 25, unafika karibu 47. Joto hilo linamtesa mende, lakini yeye hakai juu ya dashibodi akilisubiri. Anashuka chini ya kapeti na kwenye shimo la gurudumu la akiba ambako ni baridi zaidi, anangoja jioni. Jua linasaidia kukausha gari. Kuua, usilitegemee.

Kupima kabla ya kutibu

Wapenzi wa historia ya tarakilishi wanamjua yule nondo aliyekutwa ndani ya tarakilishi ya Mark II pale Harvard, tarehe 9 Septemba 1947. Wahandisi walimbandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi. Watu hukumbuka nondo. Mimi hupenda kile walichoandika kando yake: alipatikana kwenye relei nambari 70, paneli F. Waliandika mahali.

Basi nilinunua mitego ya gundi, ile ya kadibodi isiyo na sumu, nikaiweka sita na kuipa herufi: A chini ya kiti cha dereva, B chini ya kiti cha abiria, C nyuma ya kidroo cha dashibodi, D kiti cha nyuma, E buti, F shimo la gurudumu la akiba. Kila asubuhi dadangu alihesabu kabla ya kuwasha gari, akanitumia namba kwa simu, nami nikaziingiza kwenye jedwali. Baada ya siku tatu picha ilikuwa wazi. D mmoja. A wawili. B watatu. F wanne. C tisa, kwa sababu nyuma ya dashibodi kuna nyaya na joto la redio, na mende anapenda mwanya wenye joto unaombana mgongo na tumbo. E, kwenye buti, thelathini na mmoja.

Kwa fedha kidogo sana tulikuwa tumejua pa kuanzia.

Kusafisha

Tulifanya Jumamosi nzima, mtoto akiwa kwa nyanya yake, maana vumbi la kazi hii ndilo hasa asilopaswa kulivuta. Nawaorodheshea hatua:

1. Toa kila kitu nje: mati, kava za viti, magazeti, kadibodi, mifuko. Kila karatasi iliyo ndani ya gari ni nyumba ya mende.
2. Fyonza kwa mashine, ukianza na reli za viti, mishono na pembe za buti. Mfuko wa mashine ufunge ndani ya plastiki na uutupe siku hiyohiyo. Chini ya viti ukiona nyaya zenye soketi ya manjano usizivute. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama.
3. Osha kila plastiki kwa kitambaa chenye sabuni na maji ya moto. Sabuni ndiyo inayoondoa yale mafuta ya mwili wa mende. Kava na mati zifue kwa maji ya moto.
4. Kapeti na viti usivilowanishe chapachapa, utafukuza mende ukaribishe ukungu. Kama kuna mahali wanakodisha mashine ya mvuke, pitisha mvuke kwenye mishono ya vitambaa. Unaua mende na mayai papo hapo bila kemikali. Ila usiusogeze karibu na dashibodi, swichi na nyaya.
5. Nyunyiza magadi soda ya jikoni kwenye kapeti kavu, yalale usiku mmoja, kisha fyonza. Hii si imani ya mtaani. Zile asidi nyepesi za kinyesi zikikutana na magadi hugeuka chumvi, na chumvi hairuki hewani kuingia puani mwako.
6. Angalia kichujio cha hewa ya ndani. Kwenye magari mengi ya Kijapani kiko nyuma ya kidroo cha dashibodi na hakihitaji hata bisibisi. Kikiwa cheusi au kina mabaki ya wadudu, weka kipya.
7. Acha milango yote wazi juani mpaka kila kitu kikauke kabisa.

Onyo moja. Dawa ya klorini ya kufulia usiichanganye kamwe na siki wala na sabuni yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na ndani ya gari hakuna pa kuikimbilia.

Jumapili mitego yote ilikuwa mitupu isipokuwa C, uliokuwa na mmoja. Harufu ilikuwa imepungua sana. Dadangu alifurahi, akanipikia chapati.

Namba zilipokataa

Jumanne asubuhi alinipigia. Mtego wa buti ulikuwa na mende sita.

Hapa ndipo jedwali lilipolipa gharama yake. Nilimwomba anitumie picha. Wote sita walikuwa wakubwa, wenye mabawa. Kinda wa mende huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu kuwa mkubwa. Buti lilikuwa tupu Jumapili, na mende mkubwa hatokei katika siku mbili. Kwa hiyo hawakuzaliwa ndani ya gari. Waliingia. Nikarudi kwenye tarehe za wiki mbili zilizofuata: namba za E zilipanda kila baada ya Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine zikakaa chini.

"Dada, Jumatatu na Alhamisi unafanya nini?"

Alinyamaza kidogo. "Hizo ndizo siku za kukusanya trei."

Trei za mayai za karatasi. Anapopeleka trei ya mayai 30 dukani, anachukua trei tupu ya wiki iliyopita. Zinarudi zimepangwa hamsini hamsini, zimekaa siku kadhaa sakafuni mwa kioski karibu na unga, sukari na mkate. Ukitaka kujua mende wanazipenda kiasi gani, fahamu kwamba wanaofuga mende kwa ajili ya maabara au chakula cha mijusi huwawekea trei hizohizo kama nyumba. Ni za karatasi laini, zina giza, na zina mianya isiyohesabika. Kwa mende ni jumba la ghorofa.

Tulihakikisha. Tulichukua furushi moja la trei tupu, tukalitia ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na mtego, tukaufunga usiku kucha. Asubuhi mtego ulikuwa na mende wanne, mmoja akiwa na kifuko cha mayai mkiani. Huyo mmoja pekee ni mende 30 au 40 wa mwezi ujao.

Mnaokumbuka saiba za miaka ile mtanielewa. Flashi diski ilitoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, kila tarakilishi ikiichomeka na kupokea virusi. Conficker, iliyoanza mwaka 2008, ilisambaa pia kwa njia hiyo. Ungesafisha mashine yako asubuhi, jioni mteja anakuja na flashi yake, unarudi mwanzo. Trei ya karatasi ndiyo flashi diski ya mende.

Sehemu ngumu

Kiufundi jibu lilikuwa fupi: trei tupu zisiingie tena ndani ya gari. Nikalisema hivyo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Dadangu akanitazama.

"Wewe unaona trei. Mimi naona pesa. Nisiporudisha trei kwa mfugaji, ananitoza mpya. Nikimwambia mwenye duka sichukui trei yake, ataniuliza kama namwona mchafu. Hao ni watu ninaowauzia miaka sita."

Hakuna programu ya kujibu hilo. Na alikuwa sahihi: mfumo wake ulikuwa na sababu zake, na mtu wa nje anayesema "futa tu" ndiye yule mhandisi anayevunja kitu kilichokuwa kinalisha watu. Tulikaa na karatasi na kalamu jioni nzima. Mpango tulioufikia ni wake zaidi kuliko wangu.

Kwa mikahawa, alinunua trei za plastiki. Ni ghali kuliko za karatasi, lakini zinaoshwa kwa maji ya moto, zinakaushwa juani, na hazina mianya ya kujificha. Hizo zinakwenda na kurudi.

Kwa vioski, trei haibadilishwi tena. Mwenye duka analeta trei yake mlangoni, na dadangu anahamisha mayai kwa mkono, moja moja, kutoka trei yake hadi ya duka. Mayai yanahama, trei zinabaki kila moja kwao. Aliwaeleza wateja kwamba ni kwa ajili ya kukagua mayai yaliyopasuka, jambo ambalo ni kweli pia, na hakuna aliyeudhika. Wawili walimshukuru. Gharama yake ni muda, dakika tano hivi kwa kila kioski, na kwa vioski ishirini hiyo ni zaidi ya saa moja na nusu. Sasa anaamka mapema zaidi. Sitaki kulificha hilo kana kwamba suluhisho lilikuja bure.

Chambo, kisha subira

Mlango ulipofungwa ndipo tulipoweka dawa, tena kidogo. Tulitumia chambo cha jeli, kinachouzwa kwenye bomba kama la sindano. Unaweka matone madogo kama kichwa cha kiberiti pale mitego iliposema: nyuma ya kidroo cha dashibodi na kwenye reli za viti, mbali na mkono wa mtoto na mbali kabisa na mayai. Mende anakula, anarudi kujificha, anafia huko. Wadogo hula kinyesi chake nao wanaipata sumu hiyo. Usipulize dawa ya mkebe karibu na chambo, mende atakikimbia.

Nunua yenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu Kenya. Ile inayouzwa kwenye vikaratasi visivyo na jina, hujui ina nini, na huwezi kumweleza daktari mtoto amelamba kitu gani. Na kama chambo kimoja hakiguswi, badilisha aina. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba kuna mende ambao hisi yao ya kuonja imebadilika hata glukosi wanaihisi chungu, na kwa hiyo wanaviacha vyambo vitamu. Huyo naye anatengeneza viraka vyake.

Baada ya hapo ni kusubiri. Mayai huchukua takriban mwezi mmoja kuanguliwa, kwa hiyo wiki moja ya mitego mitupu haina maana. Tulihesabu kwa wiki tisa. Tatu za mwisho zilikuwa sifuri kila mahali, na tulifyonza na kufuta kwa sabuni kila Jumamosi ili kuondoa vumbi lililobaki.

Mahali tulipofikia

Mkahawa ule mkubwa ulirudi kwa nusu ya oda yake ya zamani. Nusu nyingine walishampa muuzaji mwingine, na dadangu bado anaipigania. Mpwa wangu anakohoa kidogo kuliko zamani. Mimi si daktari, na pumu ina sababu nyingi, kwa hiyo dawa yake ya kuvuta inabaki kwenye mkoba kama kawaida na kliniki anakwenda. Ila gari si mojawapo ya sababu hizo tena.

Mitego miwili, C na E, imebaki ndani ya gari, nasi tunaiangalia kila Jumatatu. Mfumo unaofanya kazi nao unahitaji mtu wa kuutazama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, gari lako likianza kunuka, usikimbilie manukato. Uliza harufu inatoka kona gani, siku gani inazidi, na ni mzigo gani ulipanda siku hiyo. Kama unasambaza mkate, maziwa au mboga na umepata njia ya kuzuia mende wasirudi na kreti tupu, niandikie. Dadangu ana hamu ya kusikia, hasa kama njia yako inaokoa ile saa moja na nusu.

Tuonane wiki ijayo, turudi kwenye PHP.